Fundi Pancha, Fundi wa Kuitwa na Duka la Matairi

Tairi kuukuu lililosimikwa kando ya barabara, likapakwa rangi nyeupe na kuandikwa neno PANCHA kwa herufi zisizojali mstari, ni bango la biashara linaloeleweka upesi kuliko mengi katika miji ya Tanzania na Kenya. Hapo, chini ya mwarobaini au kwenye kivuli cha kontena, huwa pana kompresa, beseni la maji yaliyogeuka meusi, vyuma vya kutolea tairi, jeki na fundi anayeifahamu kazi yake kwa viganja. Kwingineko mjini lipo duka la matairi lenye sakafu ya saruji, mashine ya kutenganisha tairi na rimu, kompyuta ya kupimia magurudumu na kitabu cha risiti. Kati ya hawa wawili ameingia wa tatu, naye ni fundi wa kuitwa, ambaye hupigiwa simu akamfuata mwenye gari nyumbani, kazini au barabarani alipokwama, baadhi yao wakija na bodaboda na pampu ndogo inayotumia umeme wa betri ya gari, na wachache wakija na gari lililobeba mashine kamili. Swali la nani kati yao hufanya kazi bora limezoeleka kujibiwa kwa kutazama jengo, mashine au bei, ilhali dalili ya kwanza ya ubora ni tendo moja ambalo wote watatu wanaweza kulifanya au kuliacha, nalo ni kulitoa tairi kwenye rimu na kulitazama ndani.

Sababu yake imo katika maumbile ya tairi lenyewe. Matairi mengi ya magari madogo siku hizi ni ya muundo wa radiali, uliosajiliwa na kampuni ya Michelin ya Ufaransa mwaka 1946, ambamo nyuzi za nguo ngumu hupita moja kwa moja kutoka mdomo mmoja wa tairi hadi wa pili, na juu yake, chini ya kashata, hulazwa mikanda ya waya wa chuma. Kashata ni ile sehemu yenye mifereji inayogusa lami. Mdomo ni ukingo wenye waya mnene unaolishika tairi kwenye rimu. Na ubavu ni sehemu nyembamba iliyo kati ya hizo mbili, ambayo hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Tairi la tyublesi, yaani lisilotumia tyubu, huzuia upepo kwa utando mwembamba wa mpira ulio upande wa ndani, na utando huo pamoja na ubavu ndivyo huumia kwanza tairi linapoendeshwa likiwa limepungua upepo.

Msumari wenyewe mara nyingi si adui mkubwa. Ukiingia katikati ya kashata ukabaki humo, huvujisha upepo polepole, na dereva anaweza kwenda nao siku kadhaa bila kujua. Madhara huja pale upepo unapopungua kiasi cha ubavu kulalia barabara, kwani hapo ubavu hujikunja kupita kiasi, hupata moto, nyuzi zake huanza kuachana na mpira, na utando wa ndani husagika. Fundi akilitoa tairi kama hilo kwenye rimu na kuingiza mkono, hukuta unga mweusi mithili ya masizi umetuama chini, na ubavuni huona mkwaruzo uliozunguka kama mduara. Kwa nje tairi hilo laweza kuonekana zima, hasa likishaoshwa. Kwa ndani limekwisha, na hakuna kiraka kinachoweza kulirudishia nguvu, kwa sababu tundu la msumari silo tena lenye kuhitaji tiba. Tairi la namna hiyo, likizibwa na kurudishwa kazini, laweza kupasuka baadaye gari likiwa katika mwendo wa barabara kuu na limejaa abiria.

Hapa ndipo fundi wa kuitwa anapopata hoja yake yenye nguvu kuliko zote, ingawa wengi wao huisahau wakajinadi kwa wepesi peke yake. Dereva anayelikokota gari kilomita mbili hadi dukani juu ya tairi lililolala hufika akiwa ameliua tairi ambalo lingeweza kuzibwa, na pengine ameipinda na rimu, kisha hulinunua jipya huku akimlaumu mwuza duka kwamba anapenda fedha. Kama hana tairi la akiba, au analo lakini nalo halina upepo, jambo la kawaida kwa magari ambayo buti zake hazifunguliwi ila kwa mizigo, basi kumlipa fundi nauli ya kufika alipo ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na bei ya tairi.

Tofauti ya ubora huanza kuonekana katika namna ya kuziba. Njia ya mkato, ambayo hufanywa mtaani na dukani pia, ni ile ya uzi: fundi huung'oa msumari, hulikwangua tundu kwa tupa nyembamba ya mviringo, huchomeka uzi mnene wenye gundi kwa sindano ya chuma, huivuta sindano, hukata mabaki ya uzi kwa wembe na kujaza upepo. Kazi nzima huisha kwa dakika kumi, na mara nyingine gurudumu halifunguliwi hata nati moja. Uzi huo huzuia upepo usitoke, lakini aliyeuchomeka hakuona kilichomo ndani, na iwapo tundu halikujazwa sawasawa, maji ya mvua hupenya hadi kwenye mikanda ya chuma na kutu huanza safari yake ya kimyakimya. Njia kamili ni ndefu zaidi. Tairi hutolewa, hukaguliwa ndani, tundu husafishwa na kujazwa mpira kutoka ndani kwenda nje, kisha sehemu inayolizunguka hukwanguliwa, hupakwa gundi, huachwa ikauke, na kiraka hubandikwa na kukandamizwa kwa kigurudumu kidogo chenye meno mpaka hewa yote itoke chini yake. Viko viraka vilivyounganishwa na kijiti chake cha mpira, vyenye umbo la uyoga, ambavyo huziba tundu na kufunika utando kwa mara moja. Kuharakisha gundi kabla haijakauka ni kosa dogo kwa macho, lakini ndilo hufanya kiraka kiachie wiki chache baadaye, na mteja akadhani amepata pancha mpya.

Kanuni za ukarabati zinazofuatwa katika nchi nyingi huruhusu kuziba tundu lisilozidi milimita 6 kwa tairi la gari dogo, tena liwe katika eneo la katikati ya kashata. Tundu la begani, pale kashata inapokutana na ubavu, na jeraha lolote la ubavuni, havizibwi, kwa kuwa sehemu hizo hupinda kila wakati na hakuna kiraka kinachovumilia kupinda huko kwa muda mrefu. Kwa kipimo hiki, fundi wa chini ya mwarobaini anayelitoa tairi kwa vyuma vyake viwili, akalipapasa ndani, akalikataa lile lenye unga mweusi, amefanya kazi bora kuliko duka lenye vigae na kiyoyozi linaloziba kwa uzi kutoka nje ili foleni isogee. Ubora haukai kwenye paa.

Hata hivyo vyuma hivyo navyo vina adabu yake. Rimu ina bonde katikati, ambalo limewekwa makusudi ili mdomo wa tairi ukiingizwa humo upande mmoja, upande wa pili upate nafasi ya kuvuka ukingo wa rimu bila kulazimishwa. Fundi mwenye ujuzi hupaka povu la sabuni kwenye midomo, hupiga magoti au kusimama juu ya ubavu ili mdomo wa upande wa kwake ushuke bondeni, kisha chuma chake huinua upande wa pili kwa nguvu ya mkono mmoja. Asiyejua hushindana na tairi kwa nyundo na kwa uzito wa watu wawili, na matokeo yake ni mdomo uliochanika, waya uliopinda au rimu ya aloi iliyochubuka, makosa ambayo hugeuka kuwa mvujo mdogo usiopatikana hata tairi likizamishwa kwenye beseni. Mwenye gari anayesimama kando na kutazama miguu ya fundi ataweza kupima ujuzi wake kabla hata kazi haijaisha. Kwa tairi lenye ubavu mfupi, lile linaloshika rimu kubwa ya mapambo, mashine ndiyo salama, na fundi mwungwana hukiri hivyo.

Zipo kazi ambazo vyuma na mikono haviziwezi kabisa. Ya kwanza ni balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, kwa kuwa hakuna tairi wala rimu iliyo na uzito ulio sawa pande zote. Gurudumu hufungwa kwenye mashine, huzungushwa, na mashine huonyesha mahali pa kubandika vipande vidogo vya chuma vyenye uzito wa gramu chache ili lizunguke bila kutetemeka. Gurudumu lisilosawazishwa huenda vizuri mjini, lakini likifika mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa usukani huanza kutetemeka mikononi, na mtetemo huo hula kashata kwa mabaka na kuchosha viungo vya chini ya gari. Gari la fundi wa kuitwa laweza kubeba mashine ya balansi, na yale yanayoibeba yanastahili kuhesabiwa pamoja na maduka, lakini bodaboda haiwezi. Ya pili ni alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe ambazo magurudumu huelekea barabarani, kazi inayohitaji sakafu iliyo sawa au lifti, vifaa vya kupimia vinavyofungwa kwenye magurudumu, na ukaguzi wa viungo vya usukani kabla ya kurekebisha chochote, na kwa hiyo hubaki kuwa ya dukani au gereji. Katika barabara zenye mashimo na matuta, pembe hizo huhama mara kwa mara, na kashata zilizolika upande mmoja tu wa tairi ndizo ushahidi wake. Kubadilisha tairi la namna hiyo bila kupima alaimenti ni kumpelekea mlaji yuleyule sahani nyingine.

Kuhusu nati, maduka hayana cha kujivunia. Watengenezaji wa magari hutaja nguvu maalumu ya kukaza, inayopimwa kwa nyutonimita, na kwa magari mengi madogo ya Toyota kiwango hicho ni 103. Spana ya kupimia nguvu, ambayo hulia kidogo au kuteleza kiwango kinapofikiwa, si kifaa cha gharama ya kutisha, lakini hata pale ilipo hubaki ukutani huku bunduki ya upepo ikipiga nati hadi zilie. Nati iliyokazwa kupita kiasi huvuta bolti, huweza kulipinda diski la breki, na humwadhibu mwenye gari usiku wa manane anapojaribu kuifungua kwa spana fupi iliyomo kwenye buti. Fundi wa mtaani naye hupanda juu ya mpini wa spana akarukaruka, akiamini kwamba ukazaji ni uaminifu. Kinachofaa ni kukaza kwa kukingamanisha, nati moja kisha ile inayoikabili, gurudumu likiwa juu, na kumalizia kwa kipimo gari likishashushwa, kisha kukagua tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Upepo huonekana kuwa jambo jepesi, na kwa sababu hiyo hukosewa kila siku. Jibu la "weka thelathini" ambalo madereva wengi humpa fundi hukaribia ukweli kwa magari madogo, ambayo mengi hutaka kati ya pauni 30 na 35 kwa inchi ya mraba, lakini kiwango halisi cha gari husika kimeandikwa kwenye kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi kikitofautisha magurudumu ya mbele na ya nyuma, na gari tupu na lenye mzigo. Kiwango hicho ni cha tairi lililopoa. Namba kubwa inayosomeka ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi, wala si maelekezo ya kujaza. Geji iliyodondoka mara nyingi sakafuni huongopa, iwe ya duka au ya mtaani, na mwenye gari anayemiliki geji yake ndogo hahitaji kubishana na yeyote.

Ununuzi wa tairi jipya ndio mahali ambapo duka huwa na faida iliyo wazi, kwa kuwa lina aina nyingi za kuchagua na lina anwani ya kurudi. Fundi wa kuitwa huja na tairi alilonalo au alilolipata kwa jirani, na huweza kushawishi kwamba "linaingia tu." Maandishi ya ubavuni ndiyo huamua. Tairi lililoandikwa 195/65R15 91H lina upana wa milimita 195, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, muundo wa radiali, na hukaa kwenye rimu ya inchi 15. Namba 91 maana yake ni kwamba linabeba hadi kilo 615, na herufi H kwamba limejengwa kwa mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Lenye namba ndogo ya uzito laweza kuingia kwenye rimu bila tatizo, likashindwa siku gari litakapobeba watu watano na magunia ya mpunga. Umri nao husomeka: katika maandishi yanayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021.

Umri huo una uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilinyamaza miaka mingi iliyopita na kiwanda cha Sameer Africa cha Nairobi kikaacha kutengeneza matairi mwaka 2016, hivyo sasa karibu kila tairi jipya husafiri kwa meli na kukaa ghalani kabla halijafika kwa mnunuzi. Mpira huzeeka hata usipotumika, kwa kuwa oksijeni na joto huufanya mgumu na wenye nyufa, na Uingereza tangu Februari 2021 imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka kumi kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Matairi ya mtumba yaliyong'arishwa kwa dawa nyeusi hupendeza machoni kwa sababu kashata zake bado ndefu, lakini tairi lenye kashata nzuri na umri wa miaka tisa ni zee lililovaa vizuri. Mwenye duka aliye mkweli hageuzi tairi ili tarakimu zielekee ukutani.

Malori yanahitaji onyo la peke yake. Baadhi ya rimu zake huundwa kwa vipande, na tairi hushikiliwa na pete ya chuma ambayo mafundi na matingo, yaani wasaidizi wa madereva wa malori, huiita ringi. Tairi hilo hujazwa upepo unaoweza kuzidi pauni 100 kwa inchi ya mraba, na ringi isiyokaa vizuri kwenye mfereji wake hufyatuka kwa nguvu ya kuua. Maduka yanayostahili jina hujaza tairi hilo ndani ya kizimba cha chuma, na bomba la upepo likiwa refu kiasi cha fundi kusimama kando. Barabarani, tingo hupitisha fimbo ya chuma kwenye matundu ya rimu ili kuizuia ringi, hatua iliyo afadhali kuliko kutofanya lolote, lakini haimlindi aliyeinama juu yake akisikiliza kama upepo unavuja.

Mahali pa kazi ni sehemu ya ubora wa kazi. Fundi wa kuitwa anayefika na kuanza kwa kutazama barabara, akaomba gari lisogezwe penye usawa, akaweka pembetatu za kuakisi mwanga mbali nyuma ya gari badala ya majani ya mti, akavuta breki ya mkono na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili, huyo amekwisha kujieleza. Anayekubali kuinua gari ukingoni mwa lami, kwenye mteremko, usiku, kwa jeki iliyokaa juu ya mchanga, hastahili kuaminiwa na nati pia. Wakati mwingine kazi sahihi ya fundi wa kuitwa ni kujaza upepo au kufunga tairi la akiba tu, kisha kumwelekeza mteja dukani kesho yake, naye akifanya hivyo hupoteza malipo ya kuziba lakini hupata namba ya simu isiyofutwa.

Linabaki tairi lililokataliwa, ambalo mteja mara nyingi huliacha hapohapo bila kuuliza. Tairi kipara likibaki mikononi mwa mtu asiye na haya, kashata zake huchongwa upya kwa kisu chenye moto hadi karibu na chuma, na hurudi sokoni likiwa na mifereji ya kuvutia na mpira mwembamba kama ganda la muhogo. Kwa hiyo baadhi ya wenye magari huomba likatwe mdomo mbele ya macho yao kabla hawajaondoka, na fundi mwema haoni ubaya, kwa kuwa tairi lililokatwa bado lina wateja wake: mafundi wa katambuga, yaani viatu vya matairi, hulichukua kwa bei ya chai, wakaanza na ubavu, sehemu isiyo na mikanda ya chuma, ambayo kisu chenye maji hupita bila kukwama.